Vumbi, wadudu wa ziwani na joto: namna ya kusafisha kompyuta ukiwa Mwanza

Kompyuta inayozima ghafla robo saa baada ya kuwashwa, kisha ikakataa kuwaka mpaka ipoe, mara nyingi haina virusi na wala haijaungua kitu. Njia zake za hewa zimeziba. Mwanza tatizo hili huja mapema, na huja na sura yake: vumbi la barabara za udongo za Buhongwa, Igoma au Kisesa hukutana na unyevu wa ziwa, moshi wa mkaa, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kuifuata taa. Vikishachanganyika ndani ya kompyuta, hilo si vumbi la kupuliza tena. Ni utando unaonata. Kwa sababu hiyo bloa peke yake haitoshi, na kazi ya kuzuia uchafu usiingie inalipa kuliko kazi ya kuutoa.

Joto linapitia wapi

Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hutoa joto katika eneo la sentimita chache tu za mraba. Joto hilo hupita kwenye tabaka jembamba la pesti, yaani ute mzito unaopitisha joto, huingia kwenye hitisinki, yaani kile chuma cha alumini au shaba chenye mapezi membamba, kisha feni hulisukuma nje. Nafasi kati ya pezi na pezi kwenye laptopu ni kama milimita moja tu. Manyoya ya nguo, nywele na mabawa ya wadudu hunasa hapo kwanza, halafu vumbi laini linajijenga juu yake. Ukifungua laptopu iliyokaa miaka miwili bila kuguswa, utakuta kati ya feni na mapezi kuna tabaka nene unaloweza kulivuta kwa kibano likatoka lote kipande kimoja. Feni inazunguka kwa kasi yake yote, lakini hewa haipiti.

Vumbi la huku lina chembe za mchanga wa mawe ya graniti, na chembe hizo ni ngumu. Zikiingia kwenye beringi ya feni huikwangua, feni ikaanza kulia na baadaye kukwama. Ofisi zilizo karibu na wanaoponda kokoto huliona hili haraka zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, hubeba joto pungufu. Kompyuta safi haitatetereka kwa hilo, ila iliyoziba nusu hufika kwenye hatari mapema.

Pima kabla ya kufungua

Usifungue mashine kwa kuhisi tu. Kwenye Windows weka programu ya kusoma joto, Core Temp au HWMonitor. Kwenye Linux tumia amri ya sensors. Iache kompyuta dakika kumi bila kazi, soma joto. Kisha ipe kazi nzito kwa robo saa, kwa mfano video kadhaa za ubora wa juu kwa pamoja, usome tena.

Kompyuta ya mezani isiyo na kazi inatakiwa iwe kati ya nyuzi 35 na 50 za Selsiasi, na ikiwa kazini isizidi 80. Laptopu huwa juu zaidi: 40 hadi 55 ikiwa imetulia, na inaweza kugusa 90 kwa muda mfupi ikielemewa. Prosesa nyingi zikikaribia 95 hadi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi hapo hujizima. Kupungua huko kwa kasi unaweza kukuona: kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya CPU, yaani prosesa. Kama matumizi ni makubwa lakini kasi imeshuka hadi GHz 0.8 kwenye mashine iliyoandikwa GHz 2.4, joto ni mshukiwa wa kwanza.

Kipimo cha mkono nacho kinafaa. Shika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya tundu la kutolea hewa wakati feni inanguruma. Isipopepea, njia imeziba. Hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni baridi huku prosesa inaonesha nyuzi 95, basi tatizo ni pesti iliyokauka au hitisinki iliyolegea, wala si vumbi.

Andika namba ulizopata. Bila hizo hutajua kama usafi umesaidia.

Vifaa

Bisibisi nyota mbili, namba 2 kwa kompyuta ya mezani na namba 1 au 0 kwa laptopu. Brashi mpya ya rangi ya inchi moja, ya manyoya asilia, kwa kuwa brashi ya nailoni hujenga umeme tuli, ule wa msuguano unaoweza kuua vipande vya ubao mama, yaani lile bamba kuu la kompyuta. Vijiti vya pamba vya masikioni, kibano, kitambaa cha kufutia miwani, barakoa. Pesti ya prosesa, gramu 2 zinatosha mashine kadhaa. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea. Hii usiibadilishe kirahisi: ya asilimia 70 ina maji mengi na huchelewa kukauka, na spiriti yenye rangi huacha mabaki. Petroli na thina, ambazo bado zinatumika kwenye baadhi ya meza za mafundi, huyeyusha plastiki na kuondoa maandishi ya ubao, na cheche moja inatosha kuwasha moto.

Kwa kupuliza, bloa ndogo ya umeme ndiyo bora. Kompresa ya fundi matairi ni hatari kwa sababu mbili. Presha yake ni kubwa mno, psi 90 na zaidi, inang'oa vipande vidogo vya ubao. Na tangi lake huwa na maji na mafuta yanayotoka pamoja na hewa. Kama huna kingine, mwaga kwanza maji yaliyo kwenye tangi, shusha presha isizidi psi 30, puliza pembeni mpaka uone karatasi kavu haipati tone, kisha simama umbali wa sentimita 30. Mashine ya kufyonza vumbi usiifikishe kwenye ubao mama. Bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli. Itumie kwa meza na sakafu.

Kompyuta ya mezani

Fanyia kazi upenuni au nje kwenye kivuli, siku isiyo na mvua na upepo. Ukipulizia ndani ya chumba chenye kompyuta nyingine, utakuwa umehamisha vumbi tu.

1. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe.
2. Piga picha ya nyuma na simu kabla ya kuchomoa nyaya. Fungua ubavu wa kushoto ukiitazama kompyuta kwa mbele.
3. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo, na rudia kila ukiondoka na kurudi. Mwezi wa Julai na Agosti, hewa inapokauka, jambo hili lina uzito zaidi kuliko wakati wa masika.
4. Shika kila feni kwa kidole au kijiti isizunguke, halafu puliza kwa vipindi vya sekunde mbili au tatu. Feni ikiachwa izungushwe na bloa hupita kasi iliyotengenezewa, beringi inaumia, na mota yake hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao.
5. Anza juu ushuke chini: hitisinki, kadi ya grafiki inayotoa picha za skrini, nafasi za RAM (vibamba vya kumbukumbu ya muda), mwisho sakafu ya kasha. Panapokataa, legeza kwa brashi kavu na upulize tena.
6. Palipobaki utando unaonata, hasa kwenye mapanga ya feni na wavu wa mbele, pitisha kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo. Mapanga yafutwe pande zote mbili na kwa usawa. Uchafu ukibaki upande mmoja feni itatetemeka.
7. Acha nusu saa ikauke, rudisha nyaya, washa kabla ya kufunga ubavu, na uhakikishe kila feni inazunguka.

Pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, usiifungue. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa huhifadhiwa humo kwenye kapasita kwa zaidi ya volti 300, na huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Puliza kupitia matundu yake, huku feni yake ukiwa umeizuia kwa kijiti kisicho cha chuma. Ikiwa imejaa vumbi lenye mafuta, kama zile zinazokaa jirani na chipsi au dagaa wa kukaanga, ni salama zaidi kuibadilisha.

RAM ikitolewa, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa chenye alkoholi, na irudi mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Kompyuta isiyowaka baada ya usafi na kuanza kupiga milio, mara nyingi RAM haijakaa vizuri. Itoe, irudishe.

Laptopu

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nenda taratibu.

Watu hupenda kupulizia kwenye tundu la pembeni bila kufungua. Njia hiyo inafaa kwa mashine inayosafishwa kila mwezi. Kwa ile iliyokaa mwaka, pumzi hiyo hulibandua lile tabaka kutoka kwenye mapezi na kulisukuma ndani ya feni, likakwama vibaya kuliko mwanzo. Fungua.

Zima kabisa, usiiache kwenye usingizi (Sleep). Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye karatasi mahali pake. Skrubu za laptopu zina urefu tofauti. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa ubao au huibua uvimbe kwenye kibodi. Tafuta pia zilizojificha chini ya vile vimpira vya miguu. Mfuniko ulioshikwa na vibanio ufunguliwe kwa kadi ya zamani ya benki, ukizunguka ukingo polepole. Ukisikia pamekataa, kuna skrubu uliyoisahau. Usilazimishe.

Kitu cha kwanza baada ya kufungua ni kuchomoa waya wa betri kwenye ubao. Vuta plagi yake kwa kucha, usivute waya. Kugusa chochote kingine kabla ya hapo ni kufanya kazi kwenye mashine yenye umeme.

Toa skrubu za feni peke yake kama muundo unaruhusu, ili hitisinki ibaki mahali pake na pesti isivurugike. Tabaka la vumbi lililo kati ya feni na mapezi livute kwa kibano, kisha puliza mapezi kutokea nje kuja ndani, halafu kutokea ndani kwenda nje. Yaelekeze kwenye mwanga: lazima uone upande wa pili katika kila nafasi. Bomba la shaba linalotoka kwenye prosesa lisipindwe hata kidogo, maana likikunjika halibebi joto tena.

Kama umekuta mayai ya wadudu au kiota cha sisimizi, safisha kwa brashi na alkoholi. Dawa ya kupuliza ya mbu na mende isiingie humo. Huacha mafuta na inashika moto.

Pesti

Badilisha pesti kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, au wakati wowote hitisinki inapoinuliwa. Pesti iliyokwisha kutenganishwa hairudishiwi, kwa sababu huingiwa na vipovu vya hewa.

Kabla ya kuinua hitisinki ya kompyuta ya mezani, iendeshe dakika kumi ili pesti ilainike, ndipo uzime na kuchomoa. Prosesa za AMD za zamani, zenye pini chini yake, huweza kung'oka pamoja na hitisinki na pini kupinda. Zungusha hitisinki kushoto na kulia kidogo kabla ya kuinua. Zile za Intel zenye vishikizo vinne vya plastiki, zungusha kila kishikizo robo mzunguko kufuata mshale, kisha vuta juu. Wakati wa kurudisha, virudishe kwanza vyote kwenye nafasi yao ya awali, ubonyeze kwa mkingamo, yaani pembe moja kisha ile inayoielekea, mpaka kila kimoja kilie. Kishikizo kimoja kikiwa hakijaingia, joto linaweza kufika 100 ndani ya dakika chache ingawa umesafisha vizuri.

Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa na alkoholi mpaka chuma king'ae. Weka mpya, ukubwa wa punje ya mchele kwa prosesa ya laptopu, na zaidi kidogo kwa ya mezani. Wingi hausaidii, kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kati ya vyuma viwili, na tabaka nene huzuia joto. Kaza skrubu kwa mkingamo, nusu nusu. Kwenye laptopu nyingi zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4: kaza kwa mpangilio huo, legeza kwa mpangilio wa kinyume.

Vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya vipande vingine vya ubao vina unene wake maalumu, mara nyingi kati ya milimita 0.5 na 1.5. Kikichanika, tafuta cha unene uleule. Kupaka pesti mahali pake huacha pengo, na kipande hicho huungua kimyakimya.

Feni inayolia inaweza kuponywa kwa muda. Inua stika ya katikati, na kama kuna tundu la ekseli, dondosha tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya wiki chache. Isiyonyamaza baada ya hapo ibadilishwe.

Kuzuia uchafu usiingie

Kompyuta isikae sakafuni. Vumbi zito husafiri karibu na sakafu, na kila ufagio ukipita feni hulivuta. Iinue sentimita 30 au zaidi, iache na nafasi ya sentimita 15 nyuma na ubavuni, mbali na mlango unaoelekea barabarani. Steshenari nyingi huweka kompyuta mbele kabisa ili mteja aione. Ukiigeuza tu, sehemu yake inayovuta hewa isitazame barabara, utaona tofauti.

Fagia kabla ya kuwasha mashine asubuhi, nyunyiza maji kidogo au tumia dekio lenye unyevu, subiri nusu saa vumbi litue. Mwanafunzi wa zamu anayefagia maabara ya kompyuta huku mashine ishirini zinanguruma anazilisha vumbi zote kwa pamoja.

Wadudu wa ziwani wanafuata mwanga. Kwa walio Kirumba, Nyegezi, Sengerema, Ukerewe na kote mwaloni, jioni kundi likionekana funga madirisha ya upande wa ziwa, zima taa ya nje iliyo karibu na dirisha, na kama kazi inaweza kungoja, zima kompyuta. Wavu wa dirishani wa mbu unawapunguza sana. Asubuhi wafagie kabla hawajakauka na kuwa unga, maana unga huo ndio unaoingia kwenye mapezi, na mabaki yao huwaita sisimizi na mijusi. Mjusi akiingia kupitia tundu la nyuma ya kasha lililopoteza kibati chake cha kuzibia anaweza kugusanisha nyaya na kuua ubao. Ziba kila tundu lililokosa kibati chake.

Mbele ya matundu yanayovuta hewa unaweza kuweka kichujio cha soksi ndefu ya nailoni, tabaka moja, ikavutwa na kubandikwa kwa plasta. Inakamata manyoya, wadudu na vumbi la chembe kubwa. Iosheni kila wiki na ikauke kabisa. Ikisahaulika mwezi mzima inakuwa yenyewe kizuizi cha hewa. Matundu ya kutolea hewa usiyafunike na chochote. Vilevile vile vitambaa vya kufuma vya kufunikia kompyuta ni vizuri usiku, lakini mashine iwe imezimwa na imepoa. Laptopu isitumiwe juu ya godoro au kanga iliyokunjwa, kwani matundu yake yapo chini.

Kila baada ya muda gani

Duka lililo kando ya barabara ya vumbi: futa nje na matundu kila wiki, fungua kila miezi mitatu, na moja ya zamu hizo iwe Oktoba, kiangazi kinapoisha na kabla unyevu wa vuli haujaligandisha vumbi. Nyumba au ofisi karibu na ziwa yenye nyavu madirishani: kila miezi minne hadi sita. Ofisi iliyofungwa yenye kiyoyozi: mara moja kwa mwaka, na kichujio cha kiyoyozi chenyewe kioshwe kila mwezi, kwa kuwa kikichafuka kinapuliza vumbi chumba kizima.

Ukimaliza, rudia kipimo cha robo saa ulichofanya mwanzo. Kompyuta iliyokuwa imeziba kweli hushuka nyuzi 10 hadi 20. Isiposhuka, angalia kwa mpangilio huu: hitisinki imekaza pande zote? Feni inapuliza upande sahihi, kuelekea kwenye mapezi? Waya wa feni umerudi kwenye tundu lake la CPU_FAN? Kuna programu inayokula prosesa muda wote bila wewe kujua? Kisha andika tarehe na joto ulilolipata kwenye kipande cha plasta, ubandike ndani ya ubavu wa kasha au chini ya laptopu, pasipo na tundu, ili atakayeifungua tena aanzie hapo.